Maswali ya Wasomaji: Zaka, Sadaka na Wakfu Wakati wa Maafa na Baada Yake

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: fedha zimepatikana, ila waliozishika hawana hakika zipi zifanye kazi gani. Pale wanazuoni walipohitilafiana tumesema hivyo. Fuata madhehebu yako, mradi usihame katikati ya hesabu kwa kuwa upande wa pili ni nafuu.

Fedha zote zimeingia akaunti moja

*Assalaam alaykum. Baada ya mafuriko tulitangaza msikitini mchango kwa ajili ya waathirika. Wengine walitaja zaka, wengine sadaka, wengine walituma tu bila neno. Sasa kamati inataka kununua maturubai, kulipia lori, na kinachobaki kitengeneze paa la madrasa. Tuanzie wapi? (Mweka hazina wa msikiti)*

Wa alaykumu salaam. Anzeni na daftari kabla hamjaingia duka lolote. Chora safu nne: zaka, sadaka ya jumla, sadaka iliyofungiwa kazi maalumu, na wakfu (mali inayozuiwa isiuzwe, manufaa yake ndiyo yatolewe). Kila mchango uingie safu moja tu. Aliyetuma bila neno apigiwe simu leo, maana zaka haiwi zaka bila nia ya mwenye mali, nanyi hamwezi kumnuilia. Asiyepatikana, fedha zake ziingie safu ya tatu, si ya pili: tangazo lenu lilisema "waathirika wa mafuriko", na tangazo ni sharti. Hapo suala la paa limekwisha. Fedha zikibaki, zifuate waathirika waliosalia, au waliotoa waombwe idhini. Mkitaka paa, tangazeni mchango wa paa.

Safu ya zaka ndiyo yenye masharti mazito. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja watu wa aina nane: mafakiri, maskini, wanaozitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, wanaokombolewa utumwani, wenye madeni, walio katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekatikiwa. "Mwathirika wa mafuriko" hayumo kwenye orodha kwa jina hilo. Mfanyabiashara aliyeingiliwa na maji dukani lakini ana akiba benki anayoifikia hapati zaka. Jirani yake aliyekuwa na ng'ombe mwezi uliopita na leo hana kitu ni fakiri wa leo, na utajiri wa jana haumzuii. Aliyekimbia kwao, mali anayo ila haifikii, anaingia kwa mlango wa msafiri aliyekatikiwa, na hupewa kiasi cha kumfikisha kwenye mali yake.

Kwa hiyo fomu ya kuandikisha familia isiishie kwenye majina na idadi ya watoto. Ulizeni mambo matatu zaidi: wamebakiwa na nini, wanadaiwa nini, na wana njia gani ya kipato wiki hii. Majibu hayo ndiyo yanayowaonyesha nani aandikwe kwenye zaka na nani ahudumiwe kwa sadaka.

Maturubai sasa. Turubai ambalo familia inapewa liwe lake moja kwa moja linaweza kununuliwa kwa zaka. Turubai ambalo kamati inaazima na kulichukua tena linunuliwe kwa sadaka, kwa sababu hakuna aliyemilikishwa. Kipimo kinachotumiwa na mashirika mengi ya misaada, cha viwango vya Sphere, ni mita za mraba 3.5 za kivuli kwa kila mtu, bila jiko. Watu 5 wanahitaji 17.5. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24 likitandikwa chini, lakini likiinuliwa kuwa paa lenye mteremko eneo linapungua, na kuta hakuna. Ndiyo maana furushi la kawaida la malazi huwa na maturubai mawili, kamba na vifaa vya kufungia. Kugawa turubai moja moja bila kamba ni kugawa mikeka.

Lori lilipiwe kwa sadaka ikiwezekana. Kinachoharibu kamati nyingi ni mkopo wa ndani: lori limefika, safu ya sadaka ni tupu, mtu anasema "tuchukue kwenye zaka, tutarudisha." Harudishi mtu. Zaka mliyokabidhiwa ni amana ya wenye kustahiki na haikopeshwi kamati.

Kutanguliza zaka

*Mwaka wangu wa zaka unatimia baada ya miezi mitano, na wenye shida wako mbele yangu leo. Naweza kutoa sasa? Pia hesabu zangu zote ni za Januari hadi Desemba. (Mfanyabiashara)*

Kutanguliza kunafaa kwa wanazuoni wengi, kwa sharti kwamba nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, tayari unayo. Dalili yao ni hadithi ya Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), aliyeruhusiwa kuitoa kabla ya wakati. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wamebana, wakiruhusu kwa muda mfupi tu kabla ya mwaka kutimia. Utaratibu ni huu: kadiria, nuia kwamba hii ni zaka ya mwaka unaokuja kutimia, toa, andika tarehe na kiasi. Siku ya hawli, yaani siku mwaka wako wa zaka unapotimia, piga hesabu ya kweli. Pungufu uliongeze siku hiyo hiyo. Ukikuta mali imeshuka chini ya nisabu, ulichotoa kimekuwa sadaka, na huendi kumdai maskini.

Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, kwa bei ya siku ya hawli. Madini ya fedha yana bei ndogo kuliko dhahabu, basi anayeyatumia huingia kwenye wajibu mapema, na wapo wanaoyachagua kwa makusudi kwa kuwafaa mafakiri. Unahesabu taslimu, akiba, bidhaa za kuuza kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo (si bei uliyonunulia), na madeni unayotarajia kulipwa. Unatoa madeni yako yaliyofika muda. Nyumba unayoishi, gari unalotumia, rafu, mizani na majokofu ya duka havihesabiwi. Vito vya kuvaa: Wahanafi wanavitolea zaka, madhehebu mengine matatu ya Kisunni hayavitolei vikiwa ni vya mapambo ya kawaida.

Kuhusu kalenda, mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365. Anayebaki na Januari hadi Desemba atoe asilimia 2.577 badala ya 2.5. Kwa mali ya 40,000, zaka inapanda kutoka 1,000 hadi takriban 1,031. Tofauti ni ndogo mwaka mmoja, lakini miaka 32 ya jua ina miaka 33 ya mwezi, kwa hiyo asiyerekebisha anaacha zaka ya mwaka mzima ndani ya muda huo. Rahisi zaidi ni kuchagua tarehe moja ya Kiislamu na kuiwekea kengele.

Kisima kwa fedha za zaka

*Kikundi chetu kimekusanya zaka, tunataka kuchimba kisima kwenye kijiji maskini. Ustadh mmoja katuambia haifai, mwingine anasema inafaa. (Katibu wa kikundi cha kina mama)*

Wote wawili wana wanaowategemea. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawaruhusu zaka ijenge kisima, daraja wala msikiti, kwa kuwa zaka ni lazima imilikishwe mtu, na kisima cha wote hakina mmiliki. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wamepanua fungu la "njia ya Mwenyezi Mungu" likaingiza maslahi ya umma. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu zaka kuwekwa kwenye miradi ambayo mwisho wake inamilikiwa na wenye kustahiki, au iliyo chini ya chombo cha kisheria kinachogawa zaka, baada ya mahitaji yao ya haraka kutimizwa na kukiwa na dhamana za kutosha dhidi ya hasara. Ruhusa hiyo ina masharti, na mara nyingi hunukuliwa bila masharti yake.

Ushauri wetu, mama katibu: zaka mliyonayo ipeni familia za kijiji hicho. Inaweza kuwa taslimu, mbuzi wa maziwa, au mashine ya kumwagilia inayoandikwa kwa majina yao. Kisima changisheni kama sadaka jaria, yaani sadaka ambayo thawabu yake inaendelea. Watu hawagomi kuchangia maji. Saad bin Ubada alipouliza sadaka gani ni bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki aliambiwa maji, na Uthman alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu.

Ila fiqhi (hukumu za sheria ya Kiislamu) ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayoua miradi. Bangladesh kuanzia miaka ya 1970 ilichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watu waache maji machafu ya mabwawa. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba maji ya vingi kati ya visima hivyo yana sumu ya aseniki. Yalikuwa meupe, hayana harufu, hayana ladha. Waliochimba walitaka kheri, hawakupima.

Basi pimeni maabara kabla ya kufungua. Sampuli ichukuliwe baada ya pampu kuendeshwa muda wa kutosha, si maji ya kwanza yenye tope. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani: aseniki isizidi miligramu 0.01 kwa lita, floraidi 1.5, naitreti 50, na bakteria wa E. koli asionekane hata mmoja katika mililita 100. Pimeni chumvi pia, kwani watu wataacha kisima cha chumvi wakarudi mtoni bila kuwaaga. Jaribio la wingi wa maji lifanyike mwishoni mwa kiangazi. Kisima kilichopimwa wakati wa masika kinasema uongo.

Idadi. Kwa viwango vya Sphere, mtu anahitaji angalau lita 15 kwa siku, na chanzo kisiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba. Pampu moja ya mkono inatosha watu 500, bomba moja watu 250, kisima cha wazi watu 400. Kijiji cha watu 1,500 kikipewa pampu moja, foleni itaanza alfajiri na wenye nguvu ndio watakaoteka. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya kina cha maji ya ardhini. Juu ya kisima kuwe na sakafu ya saruji yenye mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali. Bila hiyo, maji ya miguu na ya mifugo yanarudi ndani.

Kinachokufa kwanza ni mpira wa pistoni, halafu beringi na fito. Ni vipuri vidogo, lakini havipatikani kijijini, na hakuna aliyepewa jukumu. Kabla ya kukabidhi, teueni kamati yenye wanawake wanaoteka maji, fundisheni mafundi wawili (mmoja atahama), acheni sanduku la vipuri na spana zake, na wekeni ada ndogo ya matengenezo ambayo asiyeweza kulipa anasamehewa. Ada hiyo haivunji sadaka, mradi inarudi kwenye pampu. Sehemu ya mchango wenyewe itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya miaka ya kwanza.

Na kabla ya hayo yote, zungukeni muone pampu mbovu zilizopo. Kufufua mbili zilizokufa kwa kukosa mipira mara nyingi kunagharimu sehemu ndogo tu ya kuchimba moja mpya. Hazina kibao cha jina la mfadhili, basi wachache wanazitaka.

Kontena la nguo, dawa na maziwa

*Tuko ughaibuni, tunajaza kontena la misaada kwa ndugu zetu. Kuna cha kuepuka? (Vijana wa jumuiya)*

Kuna vingi kuliko vya kupeleka. Nguo zilizovaliwa zinahitaji kuchambuliwa, kufuliwa na kusafirishwa; baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya mwaka 2004 nguo zilirundikana hadi zikawa takataka za kuondolewa. Dawa zilizobaki nyumbani zisipelekwe kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimeombwa na wapokeaji, zimeandikwa kwa lugha wanayoisoma wahudumu wa huko, na zinapofika ziwe zimebakiwa na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda. Maziwa ya unga ya watoto wachanga ndiyo hatari kubwa: yanachanganywa na maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, mtoto anaharisha, na mama aliyekuwa ananyonyesha maziwa yake yanapungua. Msaidieni mama apate chakula na mahali pa faragha.

Soko likiwa bado linafanya kazi kule, taslimu inafika haraka kuliko kontena, na inamwachia mpokeaji kuchagua. Soko likiwa limekufa, nunueni chakula katika mkoa jirani. Kwa kipimo, mtu mmoja huhitaji karibu kalori 2,100 kwa siku. Mgao unaozoeleka ni nafaka gramu 400, kunde 60, mafuta 25, unga wa lishe ulioongezwa virutubisho 50, sukari 15 na chumvi 5. Kwa familia ya watu 5 kwa siku 30 hiyo ni kilo 60 za nafaka, 9 za kunde, 3.75 za mafuta na 7.5 za unga wa lishe. Mchele mtupu bila kunde na mafuta unashibisha tumbo huku watoto wanakonda. Na ulizeni kuni: maharage yasiyoweza kuiva kwa kukosa nishati huuzwa.

Makato ya shirika

*Shirika linakata asilimia fulani ya zaka yangu. Ni halali?*

Wanaozitumikia zaka wana fungu lao ndani ya aya. Wafuasi wa Imamu Shafi wanaliwekea kikomo cha moja ya nane, yaani asilimia 12.5, na mashirika mengi hujipimia hapo. Kikomo hicho ni cha kazi za zaka tu: kukusanya, kuhakiki, kugawa. Hakigharimii matangazo ya miradi mingine. Ulizeni maswali mawili kwa maandishi: makato ni kiasi gani, na zaka ya mwaka jana iliisha kugawiwa lini. Jibu la pili hufichua zaidi. Zaka inayolala benki mwaka mzima wakati wenye kustahiki wapo ina kasoro hata kama haikukatwa senti.

Jirani asiye Mwislamu

*Kambini tunagawa, nao wamo wasio Waislamu. Tuwapite?*

Msiwapite. Wanazuoni wengi huifunga zaka kwa Waislamu, isipokuwa fungu la kutia nguvu nyoyo, lakini sadaka haina mpaka huo. Aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina haikatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Njia ya kazi: wekeni safu ya sadaka ya kutosha kabla hamjafungua foleni, foleni iwe moja, na tofauti ibaki kwenye daftari lenu, isionekane kwenye mfuko anaoubeba mtu. Msaada usiambatane na mahubiri wala sharti la dini; kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema hivyo pia.

Zakatul-fitri iliyochelewa

*Watu walitutumia fedha usiku wa Idi, chakula kikafika siku ya tatu.*

Mmekuwa mawakala waliochelewesha, na kilichotolewa baada ya sala ya Idi bila udhuru huhesabiwa sadaka ya kawaida. Kiasi cha zakatul-fitri, zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, ni pishi moja kwa kila mtu, kati ya kilo 2.5 na 3 kulingana na nafaka. Wengi wanataka chakula chenyewe. Wahanafi wanakubali thamani yake. Tangazeni siku ya mwisho ya kupokea, siku tatu au nne kabla ya Idi, nunueni kwa makadirio ya mwaka uliopita kabla fedha zote hazijaingia, na gawieni siku moja au mbili kabla. Atakayetuma baada ya hapo mwambieni atoe mwenyewe mtaani kwake.

Tumechoka kuomba kila mwaka

*Zahanati yetu ya hisani inaishi kwa michango. Tunafikiria wakfu. (Wajumbe wa bodi)*

Mmefikiri vizuri. Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili na atoe mazao yake, haikuuzwa, haikupewa mtu, haikurithiwa. Mali iwe yenu kamili, isiwe na rehani wala mgogoro wa mirathi. Hati itaje mali yenyewe kwa mipaka yake, wanaonufaika, watakaonufaika ikiwa zahanati itafungwa (kwa kawaida mafakiri), msimamizi, malipo yake, nani anamwondoa na kwa sababu zipi, na kama inaruhusiwa kuibadilisha mali iliyokufa kwa nyingine. Isajilini kwa sheria ya nchi vilevile. Wakfu wa mdomo hukaa hadi mashahidi wafe, kisha wajukuu huuza. Anayewekea wakfu kwa wasia asivuke theluthi ya mali yake.

Matengenezo yalipiwe kwanza, kabla ya zahanati kupata kitu. Bodi nyingi hufanya kinyume kwa huruma, na baada ya miaka kumi jengo linavuja na wapangaji wamehama. Mikataba ya upangaji iwe mifupi. Wahanafi waliweka mwaka 1 kwa nyumba na miaka 3 kwa ardhi, na sababu ingali hai: mkataba wa miaka hamsini kwa kodi ya leo ni kuugawa wakfu kimyakimya.

Kama hamna jengo, wakfu wa fedha taslimu umekubaliwa na Baraza lile lile la Fiqhi katika kikao cha Muscat mwaka 2004. Adui yake ni mfumuko wa bei. Tuseme mtaji ni 100,000, unazaa 6,000 kwa biashara ya halali, na bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Mkitumia 6,000 zote, thamani ya mtaji inabaki nusu baada ya miaka 18 hivi. Rudisheni 4,000 kwenye mtaji, tumieni 2,000. Ni kidogo, ndiyo, na hapo bodi hujua kwamba mtaji unaohitajika ni mara tatu ya ule waliouwazia.

Riba ya benki

*Naweza kuitoa kama zaka?*

Hapana, wala kama sadaka ya kutafuta thawabu. Itoe kwa maskini au kwenye mahitaji ya umma kwa nia ya kujiondolea, kando na hesabu ya zaka.

Kumsamehe mdeni

*Ndugu yangu ananiomba nimsamehe: kashindwa kulipa deni ninalomdai. Naweza kulifuta na kuhesabu ni zaka?*

Wengi wa wanazuoni wanasema hapana, kwa kuwa hukumkabidhi kitu. Umekata tamaa na mali ambayo pengine usingeipata. Akiwa fakiri au mwenye deni anayestahiki, mpe zaka mkononi bila sharti lolote. Akiamua mwenyewe kukulipa kwa fedha hizo, pokea. Mkipatana tangu mwanzo kwamba atarudisha, zaka haijatoka.